Minara Mipya ya Njia ya Gásanes

Malan anakaa nyumba ya juu kabisa hapa Hamravík, ile iliyo karibu na geti, pale ukuta wa mawe unapotenga majani ya kukata na mlima wa kondoo. Ni mkata samaki. Amesimama kwenye meza ya kiwanda tangu alipoacha shule, na mabega yake ni mapana kuliko ya wanaume wengi wa kijijini, jambo ambalo hulisema mwenyewe kabla hujapata nafasi ya kulifikiria. Mumewe, Tróndur, alikufa kitandani miaka kadhaa iliyopita, katikati ya maongezi kuhusu kondoo. Hawakujaliwa watoto.

Tróndur ndiye aliyekuwa mtunzaji wa minara. Njia ya kwenda Gásanes inapita juu ya majabali ya ndege, na kwa kuwa majani ya mlimani hayashiki alama ya mguu, watu wa zamani walijenga minara midogo ya mawe, kila mmoja wa kimo cha kifua, ili ukisimama kwenye huu uuone unaofuata. Upepo wa miezi ya baridi huiangusha, na kondoo wakijikuna nayo humalizia. Kijiji cha Gásanes chenyewe hakikaliwi na mtu tena. Limebaki kanisa dogo na kuta za nyumba. Lakini Jumapili moja kabla ya Ólavsøka, sikukuu kubwa ya mwisho wa mwezi wa saba, kijiji kizima huvuka mlima kwenda kusali kule, pamoja na wajukuu wanaotoka mji mkuu, Tórshavn, na Denmaki na viatu vyao vya mjini. Minara ikiwa imelala na ukungu ukashuka, mtu anaweza kutembea taratibu hadi akakanyaga hewa.

Tróndur alipokufa hakuna aliyemwomba Malan aendelee. Mwezi wa saba ulipofika tulimwona tu anapita getini amevaa glavu za mumewe na fimbo yake mkononi. Tangu hapo ikawa kazi yake.

Mimi ni jirani. Haya ameniambia Malan mwenyewe, kidogo kidogo, na mengine ameniambia Ragnhild. Si watu wa kuongeza chumvi, hata mmoja wao.

Asubuhi ya kisa hiki, siku chache kabla ya ibada, Ragnhild alikuwa anaanika nguo wakati Malan anapita. Ragnhild alikuwa akiishi na baba yake, mzee Hanus, ambaye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho hapa kwetu aliyezaliwa Gásanes.

"Unaenda na nani?" Ragnhild akamuuliza.

"Na miguu yangu. Yote miwili."

"Redio imesema ukungu."

"Redio inasema ukungu tangu nizaliwe. Siku ikitaka kutushangaza itasema jua. Mzee hajambo?"

"Kashashuka kwenye banda la boti. Siku hizi nyumbani anakuja kula na kulala tu. Anarudi mikono imechubuka, ukimuuliza anasema anatengeneza ukuta. Nikamwambia, baba, ukuta gani huo usioisha? Akaniangalia kama mimi ndiye mwenye kusahau."

"Mwache. Mwanamume asiye na kazi ni balaa. Tróndur alipopumzika uvuvi alinifuata jikoni kunifundisha kuchemsha viazi."

Ragnhild akacheka, akashika pini ya nguo mdomoni, na Malan akafunga geti nyuma yake.

Mlima ulikuwa mzuri. Alipanda akiwa ameinua fimbo juu ya kichwa, kwa sababu wale ndege wakubwa wa kahawia wanaotaga kwenye majani ya juu humshukia mtu kichwani, nao hupiga kile kilicho juu kuliko vyote. Waliipiga fimbo mara kadhaa, akawatukana kama anavyowatukana kila mwaka. Alipofika kwenye mgongo wa mlima bahari ilifunguka upande wake wa kulia, chini kabisa, na kelele ikampokea. Majabali yale yamejaa ndege kutoka juu hadi kwenye povu, weupe na weusi, mistari kwa mistari, na kelele zao ni kama soko ambalo kila mtu anauza na hakuna anayenunua. Harufu ya kinyesi na samaki inakaa kwenye nguo hadi kesho yake. Kwenye majani ya ukingoni lundi, wale wafupi wenye midomo ya rangi rangi, walikuwa wamesimama milangoni mwa mashimo yao, wakimtazama anavyopita.

Alifanya kazi. Mnara uliolala aliuinua, uliochoka aliutia mawe madogo tumboni. Jua lilipokuwa juu alikaa ameegemea mmoja wao, akakata nyama ya kondoo iliyokauka kwa upepo, akala na mkate mweusi, akanywa kahawa. Mbele yake palikuwa na mahali tunapopaita Pengo. Zamani njia ilikwenda moja kwa moja pale, kando ya ukingo. Kisha majira fulani ya baridi, Hanus akiwa kijana, upande wa mlima ulikatika ukaingia baharini pamoja na njia. Tangu hapo njia inapinda kushoto, inapanda, inazunguka Pengo kwa juu, halafu inashuka Gásanes. Huko juu kuna kibanda cha wachungaji.

Ukungu haukuja kama unavyokuja siku zote, kwa kutambaa kutoka baharini. Malan anasema aliinama kufunga chupa ya kahawa, na alipoinua macho bahari haikuwepo.

Hakuogopa. Sheria ya ukungu anaijua kila mtoto wa hapa: simama kwenye mnara, usiuache mpaka uuone mwingine. Alisimama na mkono juu ya jiwe akasubiri. Ukungu ukapungua kidogo, na mbele yake akaona umbo jeusi la mnara. Akaenda. Akaugusa, akasubiri, akaona mwingine. Nia yake ilikuwa afike kwenye kibanda, akae humo mpaka ukungu uondoke.

Alipofika kwenye mnara wa tatu aligundua kwamba miguu yake haijachoka. Njia ilipaswa kupanda pale, tena mpando wa kukata pumzi, lakini ardhi ilikuwa tambarare. Na kelele za ndege, ambazo zilipaswa kubaki nyuma yake na kufifia, zilikuwa zinaongezeka.

Alivua glavu akaupapasa mnara. Mawe ya zamani yameota kitu kama sufu ya kijani, laini, yenye maji. Haya yalikuwa makavu na makali. Moja bado lilikuwa na udongo mweusi tumboni, kama limeng'olewa jana. Na juu kabisa palikuwa na jiwe bapa lililolazwa kwa mshazari kuelekea njia inakokwenda, mtindo ambao hakuna mtu anayejenga nao siku hizi. Tróndur alimwonyesha mara moja tu, kwenye mnara mmoja mkongwe, akasema ndivyo walivyofanya watu wa Gásanes.

"Nilijiambia nimelewa kahawa," Malan aliniambia.

Ndipo aliposikia kugonga. Jiwe juu ya jiwe. Tok. Kimya. Tok. Mtu anayejaribu kama jiwe limekaa vizuri. Na papo hapo ndege wote wakanyamaza.

Hilo hutokea, kila aliyekaa karibu na majabali anajua. Kuna dakika ambayo maelfu ya ndege hufunga midomo pamoja bila sababu, kisha huanza upya. Lakini ukiwa peke yako ndani ya ukungu, mkono wako uko juu ya mnara ambao hukuujenga wewe, unasikia damu yako mwenyewe masikioni. Bibi zetu walisema ni watu wa kijivu, wale wanaoishi ndani ya vilima, wanapita. Malan huwacheka wanaosema hivyo. Siku ile alisema Baba Yetu, akaikosea katikati, akaanza tena.

Tok.

Katika kijiji chetu mtu aliyejua kujenga mtindo ule alikuwa mmoja, na Malan alikuwa amemvalisha suti yake ya mazishi kwa mikono yake. Anasema hakufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Tróndur?"

Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka mbele, sauti ya kawaida kabisa, yenye uchovu kidogo.

"Njoo huku unisaidie. Jiwe hili zito."

Malan akaenda. Hilo ndilo analolirudia kila akisimulia, na hulisema akiangalia kikombe chake. Kama angekimbia, nisingeshangaa. Lakini alikwenda, upesi, bila kuangalia mnara mwingine, fimbo ameiacha nyuma, na alikuwa na furaha. Anasema hajawahi kuwa na furaha ya namna ile tangu alipokuwa msichana.

Kilichomsimamisha ni ndege. Mweupe, mwenye mabawa magumu yasiyopiga, alipanda kutoka chini ya vidole vya miguu yake, akaning'inia hewani mbele ya uso wake, akamtazama kwa jicho jeusi. Malan akatazama alikotoka yule ndege. Nusu ya kiatu chake cha kulia ilikuwa juu ya majani, nusu haikuwa juu ya kitu. Chini hapakuonekana chochote isipokuwa ukungu unaozunguka polepole kama maziwa kwenye ndoo.

Akaanguka magoti, akarudi nyuma kwa kutambaa, vidole vimeng'ang'ania majani. Alipogeuza kichwa akamwona. Ukingoni kabisa, kushoto kwake, mzee Hanus alikuwa amechuchumaa kichwa wazi, sweta lake limelowa, anazungusha jiwe juu ya mnara uliofika kiunoni. Nyuma ya visigino vyake ardhi ilikuwa imekwisha.

"Mzee Hanus," Malan akasema taratibu.

"Wewe binti wa nani?"

"Mimi Malan. Malan wa Tróndur."

Mzee akafikiri. "Tróndur yupi? Mtoto wa Sanna? Huyo bado ananyonya."

Malan alitaka kucheka. Kwa mzee yule, pale ukingoni, maisha yote ya Tróndur yalikuwa bado mbele.

"Unafanya nini hapa, mzee wangu?"

"Huoni? Naweka njia. Watu wanapotea kwa sababu njia haina alama. Mimi najenga huku, Mikkjal anajenga kutokea kule nyumbani. Tukikutana imekwisha."

Mikkjal alikuwa kaka yake. Alikuwa njiani siku ile mlima ulipokatika, anarudi Gásanes na mafuta ya taa. Hawakumpata, wala galoni. Mwaka uliofuata familia za mwisho zilihama kuja huku, na wanasema mama yao alitembea njia nzima kinyumenyume ili asipate kupageuzia mgongo.

Malan hakumwambia kwamba Mikkjal amekufa. Angewezaje, na yule mzee yuko hatua moja kutoka alikokwenda kaka yake? Kumvuta pia hakuthubutu. Hanus bado alikuwa na mikono ya mvuvi, na mtu akishtuka hushika chochote.

"Kuna mnara umeanguka huku nyuma," akasema. "Siuwezi peke yangu. Njoo unishikie."

"Ngoja kwanza ajibu."

"Nani ajibu?"

"Nikimaliza mmoja nagonga, na yeye anagonga. Ndivyo kila mmoja anavyojua mwenzake amefika wapi." Akaokota jiwe dogo akagonga lile bapa la juu mara tatu, akainamisha kichwa.

Ndege walikuwa bado kimya. Malan anasema ukungu ulikuwa umesimama, hata unyevu haukusogea. Akahesabu pumzi zake.

Kisha, kutoka mbele, upande ambako hakuna ardhi, jiwe likagonga jiwe. Mara tatu.

Nimemuuliza kama haikuwa mwangwi. Amesema huenda. Nimemuuliza kama haikuwa kondoo kwenye kingo nyembamba za ubavuni mwa jabali, maana hushuka huko na kuangusha mawe. Amesema huenda. "Mimi nakwambia nilichosikia," akasema. "Mwangwi hausubiri."

Hanus akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea habari aliyoitegemea. "Kesho, anasema. Leo tuache." Akasimama. Alisimama wima pale ukingoni, akajipangusa magoti, na Malan akafumba macho. Alipoyafumbua mkono wa mzee ulikuwa mbele yake, baridi kama samaki. "Inuka, binti. Majani yamelowa, utaugua."

Ni yeye aliyemrudisha. Malan hakuona kitu, lakini Hanus alitembea ndani ya ule ukungu kama anayetoka chumbani kwenda jikoni, mnara hadi mnara, akimshika mkono, akimwambia habari za ng'ombe wao ambaye hataki kukamuliwa na mtu mwingine ila mama. Ndege wakaanza tena wote kwa pamoja. Malan alimvisha kofia yake ya sufu, naye akakubali. Walipofika kwenye mgongo wa mlima ukungu ukaishia hapo, kama uliokatwa kwa kisu, na chini yao Hamravík ilikuwa kwenye jua, nguo za Ragnhild kwenye kamba.

Hapo mzee akasimama, akamtazama Malan kwa muda.

"Malan," akasema. "Mbona una tope mpaka kifuani?"

"Nimeanguka."

"Kuwa mwangalifu. Tróndur hayupo wa kukuokota."

Ragnhild alipowaona wanashuka getini alijua kitu kabla hajaambiwa. Alimweka baba yake karibu na jiko, akamvua soksi, ndipo akatoka nje alikokuwa Malan.

"Umemkuta bandani?"

"Nimemkuta Pengo."

Ragnhild akakaa kwenye ngazi. "Pengo wapi?"

"Ukingoni. Anajenga minara ya njia ya zamani. Inaanzia pale njia inapopinda, inakwenda moja kwa moja. Ragnhild, mingine mizuri kuliko yangu. Kama tungepita Jumapili na ukungu huu, tungeifuata wote."

"Kila siku nilimfungia mkate," Ragnhild akasema. "Nilimfungia mkate na kumwambia kazi njema."

"Ungejuaje?"

"Mimi ni mwanawe, Malan. Ningeshuka bandani siku moja tu."

Malan akammiminia kahawa ya chupa, akakaa naye kwenye ngazi mpaka ikapoa.

Kulipokucha vizuri wanawake hao wawili walipanda pamoja kuibomoa. Ragnhild alilia kwenye mnara wa kwanza, na iliyobaki aliibomoa kwa hasira, akitupa mawe mbali baharini mpaka ndege wakalalamika. Walipomaliza ule wa ukingoni wakakaa kupumzika. Kulikuwa kweupe, unaona hadi kanisa la Gásanes. Katikati ya Pengo kuna kipande cha njia ya zamani kilichobaki, kisiki cha ardhi chenye majani juu, kimekatika pande zote mbili, na huwezi kukifikia ila kwa kamba. Juu ya kisiki kile palikuwa na mnara.

"Ule umejenga wewe?" Ragnhild akauliza.

"Kwani naweza kuruka?"

"Basi ni wa zamani."

"Labda."

Malan hakutoa darubini mfukoni. Ananiambia alikuwa nayo, na kwamba hakutaka kujua kama mawe yake yana sufu ya kijani au hayana. Wanaume wanaoshuka kwa kamba kukamata ndege walisema wataangalia. Mpaka leo kila mmoja ana kazi nyingine.

Mzee Hanus alikaa nyumbani siku zile na hakuwa na raha. Alizunguka meza, alifungua mlango, aliuliza kila saa kama ni kesho. Alimwuliza Ragnhild kwa nini amemfungia nje ya kwao. Basi Jumapili ya ibada, sisi tulipovuka mlima kwa miguu, Malan alimshawishi binamu yake mwenye boti ya injini awachukue wao watatu kwa bahari. Siku ilikuwa tulivu. Wakipita chini ya Pengo, mahali maji ni meusi hata mchana na ndege wanashuka kama majivu, Hanus aliomba injini izimwe.

Walielea. Ragnhild alikuwa ameshika sweta la baba yake kwa nyuma. Mzee aliinua uso akatafuta juu, kisha akashusha macho kwenye maji, akayatazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma. Hakugonga kitu. Mwishowe akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Kumbe alishafika," na akamwambia binamu awashe injini kwani ibada itaanza bila wao.

Kanisani aliimba zaburi zote bila kitabu. Baada ya hapo hakutaka tena kwenda mlimani. Alikaa karibu na dirisha, akala anachopewa, akamwita Ragnhild kwa jina lake siku nyingi zaidi kuliko siku alizomkosea, na alifariki majira ya kuchipua, siku ambayo ndege walikuwa ndiyo kwanza wamerudi majabalini.

Malan bado anaitunza minara. Haendi peke yake. Ragnhild humfuata na kapu la chakula, na tukiwa tunakata majani yetu huku chini tunawasikia wanavyobishana hadi juu, huyu anataka mawe makubwa chini, yule anasema hujui kitu. Wakifika pale njia inapopinda hunyamaza wote wawili. Ragnhild ananiambia Malan husimama hapo kidogo, amegeuza sikio upande wa Pengo, na yeye humwacha asimame mpaka atosheke, kisha humkabidhi fimbo yake na wanapanda.